Siku ya Kuzaliwa ya Bach na Kazi ya Mwalimu wa Kwaya
(Mhadhara uliotolewa Moshi mbele ya walimu wa kwaya na wapiga tarumbeta)

Wachungaji, walimu wa kwaya, wapiga tarumbeta na ndugu zangu wote, Bwana asifiwe.

Johann Sebastian Bach, mtunzi wa muziki wa kanisa, alizaliwa Eisenach, Ujerumani, tarehe 21 Machi 1685 kwa kalenda iliyotumika huko wakati ule, na kwa kuwa Pasaka haitangulii kamwe tarehe 22 Machi, siku yake ya kuzaliwa huangukia Kwaresima kila mwaka. Huko Leipzig, alikotumika tangu mwaka 1723 hadi alipofariki mwaka 1750, kantata, yaani tungo za kwaya na vyombo vya muziki za ibada ya Jumapili, zilisimama karibu Kwaresima nzima, na mtu aliyezoea kuandaa muziki mpya wiki baada ya wiki alipata nafasi ya kutayarisha Mateso ya Ijumaa Kuu, yaani muziki mrefu unaosimulia mateso ya Yesu kutoka katika Injili. Mwaka 1724, siku chache baada ya kutimiza miaka 39, aliongoza kwa mara ya kwanza Mateso kwa mujibu wa Yohana, tarehe 7 Aprili, katika Kanisa la Mtakatifu Nikolai. Kwa hiyo siku yake ya kuzaliwa ilimkuta mazoezini, na ombi langu ni kwamba nasi tuiadhimishe kwa mazoezi, kwa kuimba sisi wenyewe, badala ya kukaa tu na kusikiliza rekodi za kwaya za mbali.

Hapa Kilimanjaro hatuanzi na ugeni. Wamisionari wa Leipzig walifika mwaka 1893 na kuanzia Machame, wakaja na desturi ya usharika mzima kuimba korale, zile tenzi ambazo hadi leo kwaya zetu huziimba kwa sauti nne na vikundi vya tarumbeta huzipiga. Bach hakuzitunga nyingi kati ya tenzi hizo. Alizipokea kama sisi tulivyozipokea, akazipangia sauti.

Ningependa pia mmfahamu kama mwalimu mwenzenu. Tarehe 23 Agosti 1730 aliliandikia baraza la mji wa Leipzig kwamba kila kwaya inahitaji angalau waimbaji 12, watatu kwa kila sauti, na kwamba wakiwa 16 ni bora zaidi. Kisha akawahesabu wavulana wa shule yake 54, akasema 17 wanafaa, 20 bado wanahitaji kufundishwa na 17 hawafai kabisa. Mwalimu yeyote aliyewahi kufika mazoezini Jumamosi jioni akakuta soprano wamejaa na teno ni wawili ataelewa barua hiyo bila kufafanuliwa, na mimi huiona kuwa ya kututia moyo kuliko sifa zote anazopewa, kwa sababu muziki ule mkuu uliimbwa na watu wa aina hiyo.

Sasa tuangalie utenzi mmoja kwa karibu. Tuni yake ilitungwa na mtunzi Hans Leo Hassler, ikatumika baadaye kwa maneno ya mshairi Paul Gerhardt juu ya kichwa cha Yesu kilichojeruhiwa, na huanza hivi: mi, la, so, fa, mi, re, mi. Katika Mateso kwa mujibu wa Mathayo, Bach anairudia mara tano. Mara mbili za kwanza mpangilio wa sauti nne ni uleule, ila mara ya pili umeshushwa nusu toni, yaani hatua ndogo kabisa kati ya nota mbili, kutoka ufunguo wa E hadi E-flati. Hakuna nota iliyobadilishwa zaidi ya hapo, lakini waimbaji husikia uzito ukiongezeka. Mara ya mwisho huimbwa mara tu baada ya Yesu kukata roho, na hapo soprano anabaki na wimbo anaoujua, huku alto, teno na besi wakipita katika nusu toni zinazoyumbisha kila neno. Wale wanaodhani besi ni sauti ya kujazia tu wausikilize mpangilio huo, kwani maana yote ya maombi ya mtu anayekabili kifo imebebwa na sauti tatu za chini.

Tutauimba kwanza katika E, kisha katika E-flati, bila kinanda, na taratibu kiasi cha kila sauti kuwasikia wengine. Teno mnaokosa wenzenu kaeni karibu na besi. Usharika nao uimbe wimbo mkuu pamoja na soprano. Kwaya, tafadhali simameni, tupate nota ya kuanzia.