Nani Aligusa, Nani Alitenda: Mhadhara kuhusu Vielelezo vya Eneo la Tukio

Asanteni kwa kufika. Naanza na mwanamke ambaye polisi wa Ujerumani walimsaka kwa miaka bila kumtia machoni. Vinasaba vyake, yaani DNA, vilionekana katika matukio yapatayo 40, Ujerumani, Austria na Ufaransa. Kulikuwa na mauaji, kulikuwa na wizi wa magari, kulikuwa na uvunjaji wa nyumba. Mwaka 2007 askari polisi wa kike aliuawa kwa risasi katika mji wa Heilbronn, na vinasaba vilevile vikapatikana kwenye gari la polisi alimokuwa. Donge nono likatangazwa. Hakuna aliyeweza kueleza sura yake.

Machi 2009 ukweli ukatoka. Wachunguzi walikuwa wanajaribu kutambua mwili wa mwanamume aliyeungua, wakapima karatasi alizowahi kuzishika. Jibu likaja: mwanamke yuleyule! Hapo ndipo walipogeuka kuvitazama vijiti vya pamba walivyokuwa wakitumia kuchukulia sampuli. Vinasaba vilikuwa vya mfanyakazi wa kiwandani aliyekuwa akivifungasha. Vijiti vilikuwa safi kwa maana ya hospitali, kwa sababu vijidudu vyote vilishauawa. Ila kuua vijidudu ni kazi moja, na kuondoa vinasaba ni kazi nyingine kabisa. Mwaka 2016 ndipo kikatoka kiwango cha kimataifa, ISO 18385, kinachohusu usafi wa vifaa vya aina hiyo.

Sasa nisikilizeni vizuri. Mashine za maabara hazikukosea. Zilisoma vinasaba vya mtu halisi, zikavisoma sawasawa. Kielelezo kilijibu swali la "nani aligusa", watu wakalichukua jibu hilo kama la "nani alitenda". Karibu kila kitu nitakachosema leo kinahusu pengo lililopo kati ya maswali hayo mawili.

Mfaransa Edmond Locard alifungua maabara ya polisi mjini Lyon mwaka 1910, kwenye vyumba vya darini vya jengo la mahakama. Wazo lake ndilo tunalofundishia hadi leo: vitu viwili vikigusana, kila kimoja humwachia mwenzake kitu. Unaingia chumbani unaacha unywele, unatoka na nyuzi za zulia kwenye soli. Wazo zuri sana, na ni kweli. Lakini mguso hauna tarehe wala hausemi sababu. Soli yako inaweza kuwa na nyuzi za zulia hilo kwa kuwa jana ulialikwa chai.

Tazameni kesi ya Necochea, Argentina, mwaka 1892. Watoto wawili walikutwa wameuawa nyumbani. Mama yao akamtaja mwanamume waliyefahamiana. Akakamatwa, akabanwa, hakukiri. Mpelelezi aliyeitwa Álvarez akarudi nyumbani kule, akaona mlangoni alama ya kidole gumba iliyopigwa kwa damu. Akakikata kile kipande cha mlango, akaenda nacho. Alama ikalinganishwa kwa utaratibu uliobuniwa na Juan Vucetich, ofisa wa polisi wa huko huko Argentina, ikawa ya mama mwenyewe, naye akakiri.

Wengi husimulia kesi hii kama ushindi wa alama za vidole. Mimi naona uzito wake uko kwenye damu. Mama anaishi pale. Alama zake zimejaa kwenye milango yote, na hakuna hakimu atakayeshtuka. Ila alikuwa amesema hakuigusa miili. Kidole kilichokanyaga damu mbichi kinaupa mguso tarehe yake, kwa kuwa hakikuweza kuwekwa pale kabla ya damu kumwagika. Mpelelezi mzuri hutafuta vielelezo vya namna hiyo, ambavyo mahali vilipo panakataa maelezo mengine.

Kuziona alama kwenyewe si kazi ngumu kama filamu zinavyotutisha. Kwenye kioo unapaka unga kwa brashi laini. Kwenye plastiki unafukiza mvuke wa supagluu, michirizi inajitokeza myeupe. Kwenye karatasi unatumia kemikali iitwayo ninihidrini, inayogeuka zambarau ikikutana na asidi za amino za jasho. Ugumu uko kwenye kulinganisha, hasa alama ikiwa nusu au imeburutwa. Mwaka 2004, baada ya milipuko ya treni mjini Madrid, wataalamu wa FBI, shirika la upelelezi la Marekani, walishikilia kwamba alama iliyokutwa kwenye mfuko ni ya wakili mmoja wa Marekani. Polisi wa Hispania wakaipata ya mtu mwingine, na FBI ikaomba radhi.

Tuje kwenye damu. Doa jekundu sakafuni si damu mpaka lipimwe. Kipimo cha awali ni kusugua doa kidogo, kudondoshea kemikali, na kuangalia kama linageuka waridi ndani ya sekunde chache. Kemikali ya luminoli nayo hung'aa gizani ikikutana na damu hata iliyofutwa, lakini hung'aa pia kwa dawa ya kufulia yenye klorini. Ndiyo maana jibu la awali huandikwa "huenda ni damu", na maabara ndiyo inayothibitisha. Naomba neno hilo "huenda" msilidharau. Kuna watu wamekwenda jela kwa sababu mtu alilifuta kwenye ripoti.

Umbo la tone nalo lina habari. Tone linaloanguka wima kwenye sakafu laini huacha duara. Likija kwa mshazari huacha yai lenye mkia, na mkia unaelekea kule tone lilikokuwa linakwenda. Pima upana, pima urefu, gawanya upana kwa urefu. Upana ukiwa nusu ya urefu, damu ilitua kwa pembe ya nyuzi 30. Hesabu hiyo ni safi. Tatizo huanza mtaalamu anapotoka kwenye pembe akaanza kusimulia nani alisimama wapi na alikuwa na hasira kiasi gani.

Shati lenye damu mbichi unalifungaje? Wengi hapa mtaniambia mfuko wa nailoni. Hapana. Nailoni hushika unyevu, ukungu na bakteria wanastawi, vinasaba vinaoza. Kwanza unalipiga picha pale pale lilipo, kwa mbali na kwa karibu, rula ikiwa kando. Unaliacha likauke, unalikunja na karatasi safi katikati ili doa lisihamie upande wa pili, unalitia kwenye mfuko wa karatasi. Kisha lakiri, na saini inayovuka lakiri ili ikifunguliwa ionekane. Masalia ya moto yanayonuka petroli ni kinyume chake: yanataka kopo la bati lisilopitisha hewa, vinginevyo ushahidi unaondoka kama mvuke.

Kuanzia hapo, kila anayelipokea shati anaandika jina, tarehe na saa. Kazi ya makarani, mtasema, na kweli inachosha. Lakini wakili wa utetezi akisimama hagusi kemia. Anauliza mfuko ulilala wapi usiku wa Jumamosi.

Vinasaba vina nguvu, sibishi. Mwanasayansi Alec Jeffreys aligundua namna ya kuvisoma mwaka 1984 huko Leicester, Uingereza, na vilipotumika mara ya kwanza katika upelelezi wa mauaji, vilimwokoa kijana aliyekuwa ameshakiri kosa ambalo si lake. Aliyetenda alihukumiwa mwaka 1988. Siku hizi chembe chache za ngozi zinatosha kutoa jibu, na unyeti huo ndio unaonitia wasiwasi. Katika jimbo la California mwaka 2012, vinasaba vya mtu mmoja vilikutwa kwenye kucha za marehemu. Alikaa rumande miezi kadhaa kabla ya kuthibitika kwamba usiku wa mauaji alikuwa amelazwa hospitali, kalewa chakari. Wahudumu wa gari la wagonjwa waliomchukua yeye ndio waliokwenda kumhudumia marehemu saa chache baadaye. Vinasaba vyake vilisafiri kwa mikono ya watu wengine.

Swali limeulizwa hapo mbele: mtu wa kawaida akikuta tukio afanye nini? Kwanza amsaidie aliye hai, hata kama atakanyaga kila kitu. Uhai unatangulia ushahidi. Akiwa hana wa kumsaidia, atoke kwa njia aliyoingilia, asifungue bomba, asivute maji chooni, asiokote kitu "kukitunza". Awaeleze polisi alichogusa, hata kitasa. Na aliyeshambuliwa kingono, kama anaweza, asioge wala asifue kabla ya kuonana na daktari. Nguo azitie kwenye mfuko wa karatasi. Akiwa ameshaoga, aende vilevile. Bado kuna vingi vya kupima, na matibabu yenyewe hayasubiri.