Ardhi Ndiyo Inayokula Joto

Mhadhara uliotolewa Moshi mjini kwa vijana wanaojiandaa kulala milimani wakiwa wamebeba mizigo yao wenyewe

Shikamooni wakubwa zangu mliofika. Vijana, hamjambo?

Kabla ya yote, namwomba huyo kijana aliye karibu na bomba aniletee beseni la maji. Asante, baba. Natumbukiza humu vipande viwili vya sponji. Vyote vina sentimita 10 kwa 10, unene sentimita 2. Kimoja nimekikata kwenye godoro la kitandani, haya tunayonunua kwa inchi. Cha pili nimekitoa kwenye godoro la kambi lililochakaa. Asubuhi nimevipima kwenye mizani ya jikoni ya mama watoto: hiki gramu 5, hiki gramu 5 na ushee. Naweka jiwe juu vizame. Tuviache humo, tutavirudia.

Sasa kila mtu aweke kiganja kimoja kwenye sakafu hii ya saruji, na kingine kwenye benchi alilokalia. Ipi ya baridi? Sakafu, mmeitikia wote. Lakini sakafu na benchi vimelala chumba kimoja usiku kucha, na ukivipima kwa kipimajoto vinalingana. Kilichotokea ni kwamba saruji inavuta joto la kiganja chako upesi, mbao inavuta taratibu. Kwa hiyo mtu anayeamka mlimani akisema "baridi imenipanda kutoka chini" amegeuza mambo. Hakuna kilichopanda. Ni joto lake mwenyewe lililoshuka, na ardhi haishibi.

Vijana wengi wanaokuja kuniuliza habari za vifaa huuliza begi la kulalia kwanza. La manyoya? La digrii ngapi? Pesa yote inaishia hapo, halafu chini wanatandika kitu chochote. Begi la kulalia linakupa joto kwa sababu ya hewa iliyotulia katikati ya manyoya. Juu yako manyoya yamevimba, sawa. Chini yako umeyalalia kwa kilo zako 70 na hewa imekwisha toka. Upande wa mgongo, begi la laki kadhaa na shuka ya kawaida vinakaribiana. Kinachokulinda huko ni godoro peke yake.

Mimi nilijifunza hili vibaya. Safari yangu ya kwanza kama mgumu, nikibeba mizigo Kilimanjaro kwa njia ya Machame, kampuni iliyotuchukua, nayo siitaji jina, ilitugawia vipande vya sponji ya kitandani, unene inchi moja. Vyepesi kweli, nikafurahi. Nikakiviringisha changu, nikakifunga nje ya begi la mgongoni ndani ya mfuko wa rambo, mzigo wa mgeni kichwani juu ya ngata, tukaingia msituni. Nanyi mnaujua msitu ule. Mvua ilianza saa saba mchana, na rambo lilikwisha chanika kwenye kichaka. Nilipofika kambini nilikikamua kama tambara la deki. Kesho yake tukalala Shira, juu ya mita 3,800, na kile kipande bado kibichi. Usiku wa manane kilikuwa kigumu kama ubao, kimeganda.

Mzee mmoja wa kruu akanionea huruma. Akaenda kwa mpishi, akarudi na trei za mayai, zile za karatasi ngumu zenye mabonde, pamoja na boksi la tambi. Boksi chini, trei juu yake, moja mabegani, moja kiunoni. Akaniambia, "Lala hapo mdogo wangu, usigeukegeuke." Nikalala. Asubuhi trei zimelala kama chapati na mpishi ananidai, kwa sababu takataka zote lazima zirudi chini. Ila mgongo wangu ulikuwa na uhai.

Miaka baadaye nikashika mkononi godoro la kukunja la Therm-a-Rest, lile linaloitwa Z Lite Sol. Nikacheka peke yangu. Ni trei ya mayai! Limejaa mabonde na vilima kila mahali. Mabonde yale yanashika hewa karibu na mwili, na pia yanaliwezesha kujikunja ukurasa juu ya ukurasa, kilima kikiingia bondeni. Upande mmoja wamepaka rangi ya fedha ya kurudisha joto. Kwenye baridi unaugeuza juu. Lina unene wa sentimita 2, urefu 183, upana 51, na uzito wa gramu 410 hivi. NEMO nao wana la kwao liitwalo Switchback, uzito ni ule ule, tofauti ni gramu chache. Simfanyii mtu tangazo. Nayataja kwa sababu ndiyo wageni huwa nayo, na baadhi huyaacha hapa mjini.

Sasa sponji yenyewe. Ziko za aina mbili, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Ya kitandani ina vitundu vilivyo wazi: kila kitundu kina mlango kwenda kwa jirani yake. Ukiibonyeza hewa inakimbia, ukiiachia inarudi. Ndiyo maana ni laini, na ndiyo maana inakunywa maji. Ya kambi ina vitundu vilivyoziba, kila kimoja ni chumba kisicho na mlango. Hewa haitoki, maji hayaingii. Ni ngumu kidogo mgongoni, siwadanganyi, lakini unaweza kuifunga nje ya begi kwenye mvua ya Machame, ukifika unaifuta kwa mkono na kulala.

Nazo hizo zilizoziba hazifanani. Ile nyeupe inayofungiwa televisheni na friji ni ya familia hii, vitundu vyake vimeziba. Ni nyepesi mno. Kwa usiku mmoja au miwili itakufaa, mimi nimeilalia. Shida yake ni kwamba inasinyaa. Baada ya wiki sehemu ya kiuno imebaki kama karatasi. Ile inayonyumbulika kama soli ya ndala huwa nzito kidogo lakini inavumilia miaka. Mkeka wa yoga, ndugu zangu, uacheni nyumbani. Umeshonana, hewa ndani ni kidogo, milimita 6 tu, na mingi inavuka kilo. Unabeba mpira bure.

Kuna namba inaitwa R. Inaeleza jinsi kitu kinavyozuia joto lisipite: ikipanda, unapoteza kidogo. Godoro linawekwa kati ya sahani ya moto na sahani ya baridi, kisha wanapima umeme unaohitajika kuitunza ile ya moto isipoe. Zamani kila kiwanda kilijipimia na kujisifu kivyake. Mwaka 2018 kikatoka kipimo kimoja cha Marekani, ASTM F3340, na sasa mkiona R kwenye godoro jipya mnaweza kulilinganisha na la kiwanda kingine. Chini ya 2 ni la mahali pa joto. Kati ya 2 na 4 ni la ubaridi. Baridi kali, anzia 4. Yale mawili niliyoyataja yana R ya 2.

Je, 2 inatosha kwetu? Inategemea unakokwenda. Joto hushuka karibu digrii 6 na nusu kila unapopanda mita 1,000. Hapa Moshi tuko mita 800 na kitu. Kambi ya Barafu iko mita 4,673. Hiyo ni tofauti ya karibu digrii 25. Usiku wa Julai hapa mjini mkijifunika blanketi kwenye digrii 15, Barafu wako 10 chini ya sifuri, na pale unalala juu ya vigae vya mawe. R ya 2 peke yake haitoshi. Lakini namba hizi zinajumlishwa! Tandika magodoro mawili ya R 2, moja juu ya jingine, umepata 4. Hesabu ya darasa la kwanza, na wageni wenye vifaa vya dola mia tatu huwa hawaijui.

Kwa Usambara, ukitembea toka Lushoto kuelekea Mtae, moja linatosha. Hanang pia, ukilala chini huko. Ol Doinyo Lengai unapanda usiku na unalala bondeni kwenye joto, kwa hiyo R haina kazi kubwa. Tatizo la kule ni miiba ya migunga. Hapo ndipo sponji inapolishinda godoro la kujaza upepo. La upepo ni laini, lina joto kuliko hili, likikunjwa linaingia mfukoni. Mwiba mmoja, umelala chini. Sponji ikichomwa mwiba, unauchomoa na kuendelea na usingizi. Na kama ni njia ya Marangu au mlima Meru, mnalala kwenye vibanda vyenye vitanda na magodoro. Msibebe kitu.

Uzito. Najua wengine mnahesabu kila gramu, mpaka mnakata mpini wa mswaki. Godoro la sponji lina raha moja: unalikata kwa kisu cha jikoni na haliharibiki. Kinachokandamiza ardhi ni mabega, mgongo na makalio. Sentimita 120 zinatosha kutoka mabegani hadi karibu na magoti. Miguu iweke juu ya begi ulilolimwaga. Lile la gramu 410 ukilikata hivyo linabaki na 270 hivi. Kipande ulichokata usitupe. Kikalie wakati wa kula, au kiweke chini ya makalio usiku ukienda juu zaidi, mnakumbuka R zinajumlishwa. Mimi sikati, nimezeeka, napenda visigino vyangu viwe na joto. Kijana wa miaka 22 na akate.

Mapya ni ghali, kwa hiyo tuzungumze masoko yetu ya Memorial na Kiboriloni. Kwenye mitumba magodoro haya yapo, huja yamechanganyika na mabegi na mahema, na muuzaji mara nyingi hajui ni nini. Anakwambia ni ya mazoezi. Usimsahihishe kabla hamjakubaliana bei. Lifungue lote. Lielekeze kwenye jua ulitazame: mahali palipokonda patapitisha mwanga zaidi, na mara nyingi ni katikati, kwenye kiuno cha mwenye nalo wa kwanza. Bonyeza kwa dole gumba mpaka chini, achia, hesabu moja hadi tano. Shimo likibaki, vyumba vimepasuka, joto halimo tena hata kama sura ni nzuri. Bonyeza na pembeni, palipokuwa hapalaliwi, ulinganishe. Halafu uzito. Mimi mara ya mwisho nililipeleka kwa muuza nyama pale jirani, akalitundika kwenye ndoano ya mizani akaniuliza hii nayo ni maini ya nini. Robo tatu ya kilo. Nikalirudisha.

Ukishalipata, usiliache juu ya keria ya Noah kutwa nzima wala karibu na jiko. Sponji hii ikipata moto inajikunyata na hairudi.

Dada pale nyuma ameinua mkono. Anasema yeye hulala ubavu na nyonga inamuuma. Pole, dada. Ukweli ni kwamba sentimita 2 za sponji hazitambembeleza mtu anayelala ubavu. Kama ni udongo, kabla ya kusimamisha hema tafuta mahali penye kibonde kidogo cha asili, nyonga ikae humo, wala usichimbe. Kwenye mawe, weka sweta lililokunjwa chini ya godoro, si juu, lisihame. Ikishindikana, nunua la upepo, beba na viraka vyake, na utandike sponji nyembamba chini yake.

Na wewe kaka? Begi la kulalia linateleza kwenye godoro. Ndiyo, nailoni na sponji havishikani, na ukilala kwenye mteremko utajikuta mlangoni. Weka kichwa upande wa juu, na viatu vyako viwe kigingi miguuni.

Haya, beseni. Kijana wangu wa bomba, njoo usome mizani watu wasiseme nimewalaghai. Hiki cha kambi nakikung'uta mara moja... gramu 6. Hiki cha kitandani nakikamua. Nakamua tena, kwa nguvu zangu zote, mnaona maji. Kinasoma? Sabini na moja. Asubuhi kilikuwa 5. Sasa godoro zima la sentimita 180 kwa 50 ni vipande vingapi kama hiki? Tisini. Pigeni hesabu hiyo mkinywa chai, chai iko kwa yule mama mlangoni.