Kuonekana si Kuonyesha: Bastola Kiunoni, Texas

(Mazungumzo na Waswahili waishio Houston, Jumamosi jioni. Yameandikwa kama yalivyosemwa, pamoja na maswali mawili ya mwisho.)

Shikamooni wazee wangu. Wengine wote, hamjambo. Mwenyekiti amenipa dakika ishirini na jicho lake liko kwenye saa, kwa hiyo salamu za mikoani tutapeana wakati wa chai.

Niseme mapema kwamba mimi si wakili. Ni mkalimani wa mahakamani. Kazi yangu ni kukaa katikati ya jaji na mtu wetu, neno linaingia sikio hili kwa Kiingereza, linatoka mdomoni kwa Kiswahili. Mwenye kesi mezani akamwone wakili. Mimi nimekuja na vitenzi vinne tu: kuficha, kufichika, kuonyesha, kuonekana. Ukivishika hivyo, umeshika nusu ya sheria ya bastola ya jimbo hili.

Nianze na kisa. Ilikuwa kabla ya mwaka 2013, na mji siutaji. Mtu wetu mmoja, mwenye leseni halali kabisa, aliingia dukani kununua unga. Unga uko rafu ya juu. Akanyoosha mkono, shati likapanda, kitako cha bastola kikachungulia. Mama mmoja akakiona, akapiga 911. Polisi walipofika, jamaa akatoa leseni yake akidhani yameisha. Hayakuisha. Leseni ya Texas enzi hizo, ile ya sheria aliyoitia saini Gavana George W. Bush mwaka 1995 ikaanza kutumika tarehe 1 Januari 1996, ilikuwa ya kubeba kwa kuficha tu. Mwenye leseni akiacha kuificha kwa makusudi, ametenda kosa.

Siku ya kuhojiwa akaulizwa, uliionyesha bastola? Akafikiri kidogo, akajibu: "Ilionekana. Sikuionyesha." Nikaligeuza jibu lake kwa Kiingereza, nikamwona wakili wake anatabasamu. Kesi haikufika mbali.

Mwaka 2013 bunge la Texas likafanya karibu lile lile alilofanya yule bwana. Likaondoa maneno ya kushindwa kuficha, likaweka kuonyesha makusudi mbele ya mtu mwingine mahali pa watu. Upepo ukipeperusha koti, hapo hakuna kosa.

Sasa, iliyofichwa ni ipi? Sheria ya hapa inasema ni bastola ambayo mtu wa kawaida mwenye busara, akitazama kwa kawaida, hawezi kuitambua waziwazi kwamba ipo. Sikilizeni hapo. Kipimo hakikuwekwa kwenye nguo za mbebaji, kimewekwa kwenye macho ya mtazamaji. Nilipotakiwa kuitafsiri mara ya kwanza nilisita: niseme "iliyofichwa" au "iliyofichika"? Iliyofichwa ina mtu aliyeificha, mwenye nia. Iliyofichika imefichika tu. Maana aliyoandika mtunga sheria ni ya kufichika. Lakini kosa lenyewe linahitaji nia. Mpaka leo nalazimika kutumia maneno yote mawili, na majaji hunitazama kwa nini sentensi fupi ya Kiingereza imekuwa ndefu hivyo.

Mnaweza kudhani Wamarekani siku zote waliona heshima ni kuificha. La. Zamani ilikuwa kinyume. Kentucky na Louisiana zilikataza silaha za kufichwa mwaka 1813, na majimbo ya Kusini yakafuata. Kuna bwana mmoja Kentucky, Bliss, alitozwa faini ya dola 100 kwa kubeba upanga ndani ya bakora. Bakora! Wazee wangu hapa wenye bakora msishtuke. Mwaka 1822 mahakama ikamwachia, ikasema katiba ya jimbo inalinda kubeba kwa namna yoyote. Wananchi hawakuridhika, mwaka 1850 wakaibadili katiba yao ili bunge liweze kukataza silaha za kufichwa. Mwaka 1846 mahakama ya Georgia iliamua kwamba kukataza kuficha ni sawa, kukataza kubeba waziwazi si sawa. Ya Louisiana nayo ikarudia hoja hiyo 1850: anayeficha anajipatia faida ya siri juu ya mwenzake, ni tabia ya wauaji wa kuvizia.

Sisi watu wa pwani hilo halitushindi kuelewa. Jambia la Mwomani linakaa mbele, kwenye mkanda wa kiunoni, fedha inang'aa. Anayelivaa ni mtu wa heshima. Mwenye kisu ndani ya kanzu, huyo unamwogopa. Kikulacho ki nguoni mwako, tena kumbe kina leseni. (Kicheko.)

Texas yenyewe haikuingia kwenye ubishi huo. Mwaka 1871 ilikataza watu kutembea na bastola, ya wazi na ya kufichwa, isipokuwa kwa hali chache, na ikakaa hivyo zaidi ya miaka 120. Kilichobadili mawazo ni mkahawa wa Luby's, mji wa Killeen, tarehe 16 Oktoba 1991. Mtu aliingia na gari kwa kuvunja dirisha la mbele, akaua watu 23 kwa risasi. Suzanna Hupp alikuwa anakula na wazazi wake. Bastola yake ilikuwa kwenye gari nje, ameiacha kwa kuheshimu sheria. Wazazi wote wawili walikufa. Alizunguka kusimulia kisa hicho, kisha akawa mbunge wa jimbo. Unaweza usikubaliane naye, lakini bila simulizi yake ni vigumu kuelewa ile saini ya 1995.

Ikawa sasa mwungwana ni yule anayeificha. Miaka 20 baadaye, tarehe 1 Januari 2016, mwenye leseni akaruhusiwa kuibeba wazi, ikiwa kwenye ala, yaani mfuko wake wa kuchomekea, ya mkanda au ya begani. Tarehe 1 Septemba 2021 hata leseni ikaacha kuwa lazima kwa wengi wenye miaka 21 na zaidi wasiozuiwa na sheria nyingine, na ala ikawa yoyote. Kwa hiyo mstari tuliozoea kuutafuta kwenye shati umehamia kwenye ala. Bastola iliyochomekwa kwenye suruali bila ala, nusu nje, ukaitembeza watu waione, hiyo bado inakutia matatani. Kwenye gari vilevile: iliyolala wazi kwenye kiti cha abiria ni kosa, iliyo ndani ya ala au ndani ya droo si kosa.

Ukivuka mpaka wa jimbo, sahau haya yote. Illinois inaruhusu ya kufichwa kwa leseni, ya wazi hapana. Florida ilikataza ya wazi tangu 1987 hadi Septemba 2025, mahakama ya rufaa ilipolitengua katazo hilo. Mahakama Kuu ya Marekani iliamua Juni 2022, kesi ya Bruen kutoka New York, kwamba kubeba bastola nje ya nyumba kwa kujilinda ni haki. Ila ikakiri kwamba kihistoria majimbo yaliweza kufunga mlango mmoja yakiacha mwingine wazi.

Narudi kwa yule mtu wa kawaida mwenye busara, maana ananinyima usingizi. Macho yake ni ya nani? Mwezi Mei 1967 vijana weusi wa chama cha Black Panther waliingia jengo la bunge la California, Sacramento, bunduki mikononi, jambo ambalo sheria iliruhusu. Kabla mwaka haujaisha, kubeba silaha yenye risasi hadharani kukawa kosa kule, kwa saini ya Gavana Ronald Reagan. Na Julai 2016, Minnesota, Philando Castile alisimamishwa barabarani. Bastola yake imefichwa, kibali anacho, akamwambia askari kwa adabu kwamba anayo. Alipigwa risasi akiwa kwenye kiti chake, na askari akaachiwa na mahakama mwaka uliofuata. Wale walionyesha, huyu alificha. Rangi ilikuwa moja.

Maswali. Ndiyo, kijana.

(Swali: Mimi nina visa ya masomo, naweza kuibeba?)

Usiiguse. Hiyo ni sheria ya shirikisho, si ya Texas. Mwenye visa ya muda haruhusiwi hata kuwa nayo, isipokuwa misamaha michache kama leseni ya uwindaji. Mwenye kadi ya kijani ni habari nyingine. Mama, karibu.

(Swali: Nina saluni. Nimebandika karatasi mlangoni, "Bastola marufuku". Inatosha?)

Kwa Kiswahili? (Kicheko.) Mama, kwa wenye leseni Texas inataka mabango yenye maneno yake maalumu, Kiingereza na Kihispania, herufi zisizopungua inchi moja. Bango la kifungu 30.06 ni la bastola ya kufichwa, la 30.07 ni la ya wazi. Ukibandika la 30.07 peke yake, mteja anashusha shati, anaingia. Na kwa wasio na leseni kuna la 30.05. Wengi wanaweka yote matatu, mlango unakuwa kama gazeti.

Lakini mdomo wako pia ni taarifa. Mwambie atoke. Asipotoka, faini isiyozidi dola 200 inageuka kosa la hadi mwaka mmoja jela. Ila hapo, mama, mwambie kwa lugha anayoielewa, nisije nikaitwa tena kukalimani.