Elimu ya Watu Wazima: Nani Atamlipa Mkufunzi?

Mhadhara kwa wakufunzi, maafisa maendeleo ya jamii na wafanyabiashara wa soko, Busia, Uganda

Mheshimiwa mwenyekiti, maafisa wetu, wakufunzi wenzangu, na akina mama mliofunga vibanda mapema mkaja: hamjambo. Nimeombwa nizungumzie mustakabali wa elimu ya watu wazima na huduma zinazoandamana nayo huku vijijini na sokoni. Nitasema mapema ninakoelekea, ili atakayesinzia asipotee njia. Nataka kuzungumzia jambo ambalo huwa tunaliacha mwisho wa kikao, watu wameshaanza kuagana: mkufunzi analipwa na nani?

Historia tuipitie haraka. Makerere ilianzisha idara ya masomo ya nje ya chuo mwaka 1953. Baada ya uhuru, mwaka 1964, serikali ikazindua kampeni ya kisomo. Miaka ya misukosuko iliyofuata ikavuruga mengi. Mwaka 1992 ikaanza programu ya FAL, yaani kisomo chenye manufaa kwa watu wazima, kwa majaribio katika wilaya 8, na humu ndani wapo waliosoma FAL na waliofundisha FAL. Wazo lilikuwa zuri: herufi zifundishwe pamoja na kilimo, afya na maji safi. Udhaifu wake nao mnaujua. Mkufunzi alikuwa mtu wa kujitolea, akapewa chaki na shukrani. Msimu wa palizi ulipofika, naye alikuwa na shamba lake.

Kisha Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii, ikishirikiana na DVV International, shirika la elimu ya watu wazima la Ujerumani, ikaleta mpango wa ICOLEW, yaani elimu ya jamii ya kujenga kipato. Hapo kisomo kimeunganishwa na biashara ndogondogo na vikundi vya kuweka na kukopa. Naupenda mpango huu kwa sababu moja tu: mtu mzima haji darasani kwa ajili ya darasa. Huja kwa sababu kuna kitu kinamuwasha.

Nendeni siku ya kikundi mkatazame. Sanduku la chuma lina kufuli tatu, na funguo wanazo watu watatu tofauti. Kila mwanachama ana kijitabu, na kila hisa anayonunua inagongewa mhuri. Mhuri unamsaidia asiyejua kusoma: mama anapitisha kidole, anahesabu, anajua alichoweka. Lakini ikifika zamu ya mikopo, kidole kinasimama. Anamtazama katibu. Katibu akisema deni ni kadhaa, basi ni kadhaa.

Somo liko hapo hapo. Mkufunzi mwerevu haanzi na a, e, i, o, u. Anaanza na deni. Chukueni mkopo wa kikundi wa shilingi 50,000 kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi. Kila mwezi riba ni 5,000, na deni likikaa mwaka mzima riba inafika 60,000. Sasa chukueni milioni moja ya PDM, mpango wa serikali wa kukopesha wananchi kupitia parishi, kwa riba ya asilimia 6 kwa mwaka. Riba yake ya mwaka ni shilingi ngapi? Ni 60,000 vilevile! (Najua, riba ya kikundi hurudi kwa wanachama wakati wa kugawana. Hata hivyo mtu aijue kabla hajatia dole gumba.) PDM ilizinduliwa wilayani Kibuku mwezi Februari 2022, na kila parishi imekuwa ikitengewa shilingi milioni 100 kwa mwaka. Fedha hizo zinafika kwa watu ambao wengine hawawezi kusoma fomu wanayoitia sahihi. Kwangu mimi hilo ni kosa la mpangilio: darasa lilipaswa kutangulia mkopo.

Hapa mpakani tuna mfano mwingine. Utaratibu rahisi wa biashara wa Afrika Mashariki unamruhusu mfanyabiashara mdogo kuvusha bidhaa za Afrika Mashariki zisizozidi thamani ya dola 2,000 kwa cheti rahisi cha asili ya bidhaa, bila kulipa ushuru wa forodha. Cheti chenyewe ni cha Kiingereza. Asiyeweza kukijaza hushika njia za panya, na huko analipa zaidi: bodaboda, mbebaji, na yule kijana anayejiita "afisa". Masomo machache ya kujaza karatasi moja yangewaokolea watu fedha nyingi kuliko semina zetu za hotelini.

Lugha isitugombanishe. Mtu aanze kusoma kwa Kisamia au Kiteso, lugha anayoiota. Kiswahili kiwe cha sokoni na cha ng'ambo ya mpaka, maana baraza la mawaziri lilikwisha kuidhinisha mwaka 2022 kifundishwe shuleni. Watoto watakuja nacho nyumbani. Wazazi wasiachwe nyuma. Simu nayo ni hivyo hivyo: anayempa wakala nambari yake ya siri ili "amsaidie" anahitaji mkufunzi kabla hajahitaji programu mpya ya simu.

Turudi kwenye fedha. Wafadhili wanapungua, USAID, shirika la misaada la Marekani, ilifungwa mwaka 2025, na wengine wanabana mikoba. Kungoja mradi mwingine ni kungoja meli nchi kavu. Pendekezo langu ni hili: sehemu ya ushuru wa soko imlipe mkufunzi wa darasa la soko. Posho ndogo, lakini iwe na kifungu chake katika bajeti na ilipwe kila mwezi. Mtaniambia ushuru huo hautoshi hata kuzoa taka. Ni kweli. Lakini anayeulipa ni mama huyu huyu, na hajawahi kuulizwa angependa umfanyie nini.

Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai, na madiwani hupitisha makadirio ya bajeti kabla ya hapo. Akina mama hamsini wakija siku ya kuyapitisha wakakaa kimya pale nyuma, nataka nimwone diwani atakayesimama aseme kifungu hicho kisubiri. Sasa niulizeni. Tuanze na mzee yule, ameinua mkono tangu nilipotaja ushuru.