Kabla ya Huduma, Nilipelekwa Kolonini

Bwana asifiwe. Wazee wangu, na ninyi vijana mnaojiandaa kwenda kuhudumu nje, asanteni kwa kunipa nafasi hii.

Nilipofika Bolivia, kabla sijakabidhiwa kazi yoyote mjini Santa Cruz, wenyeji wangu walinipeleka mashambani, kwenye koloni la Wamennonite, makazi ya Wakristo wasioshika silaha, wanaoishi peke yao. Nilijua nakwenda kwa ndugu. Jina letu ni moja: sisi Watanzania tulilipokea Shirati, mkoani Mara, mwaka 1934 kutoka kwa wamisionari wa Marekani, wao wamezaliwa nalo.

Kushuka garini, nikakutana na trekta. Magurudumu yake chuma kitupu, yana meno, mpira hakuna. Nikauliza, kulikoni? Nikaambiwa: trekta la matairi ya mpira linakimbia barabarani, na kijana akilipata ataenda nalo mjini. Nililiangalia gurudumu lile kwa muda, matope yamekaukia kwenye meno yake, nikaona hofu ya wazazi imefuliwa chuma na kufungwa kwenye ekseli.

Watu hawa wamehama sana. Walitoka Prussia wakaenda Urusi. Miaka ya 1870, utumishi wa jeshi ulipowakaribia, wakaenda Kanada. Kanada ilipotaka watoto wao wasome kwa Kiingereza, wakahamia Mexico kuanzia mwaka 1922. Na kutoka Mexico, mwaka 1967, wakaja Bolivia. Kila mara walihama ili waachwe. Mimi nami nilikuwa nimehama, ila nilihama ili nitumwe. Jambo hilo lilininyima usingizi usiku ule.

Mama mwenye nyumba hakujua Kihispania. Wanaume ndio wanaokijua, kwa ajili ya biashara. Yeye alikuwa na Plautdietsch yake tu, Kijerumani chao cha nyumbani. Njiani nilifundishwa neno moja, “Goondach”. Nilipomsalimu alicheka, akanikatia mkate na jibini, akaketi. Neno la pili hatukuwa nalo. Akaninyooshea kidole mtoto mmoja mmoja, tisa; nami nikamwonyesha vidole vitano, kwetu tumezaliwa watano. Akatikisa kichwa kwa huruma, kana kwamba mama yangu ameonewa! Vijana wangu, nilikuwa na daftari la mipango mkobani. Sikulifungua.

Nisiwafiche, uzio ule wa kujitenga unaficha pia. Mwaka 2011 mahakama ya Bolivia iliwafunga wanaume wa koloni moja kwa kubaka wanawake na wasichana wa humo humo. Fikirini mama asiye na lugha ya nje ya uzio: amweleze polisi kwa maneno gani? Ndiyo maana siwaambii mwende kutafuta watakatifu.

Tulipoaga, mama yule alinifungia kipande cha jibini kwenye kitambaa cha maua. Nilikila wiki yangu ya kwanza ya kazi, kidogo kidogo. Kitambaa chenyewe ni hiki, naomba kianzie hapa mbele, mpokezane.