Malalamiko Anaporudishiwa Mlalamikiwa

Mabibi na mabwana, ahsanteni kwa kufika. Jioni hii twende New Zealand ya karne ya 19, koloni lililokuwa na bunge lake tangu 1854.

Kupeleka malalamiko bungeni hakukuwa kugumu. Shida ilikuwa kumpata wa kuyasemea. Wanawake waliodai kura walikuwa naye: John Hall, mbunge aliyepata kuwa waziri mkuu. Mwaka 1893 Kate Sheppard, kiongozi wa harakati hizo, na wenzake walikusanya saini karibu 32,000. Hati kubwa ilikuwa kurasa 546 zilizogundishwa, urefu wa mita 270 hivi, zikaviringishwa kwenye mpini wa ufagio. Hall akaiachia ukumbini, ikabingirika hadi kugonga ukuta. Wapinzani nao walikuwa na hati zao: mbunge Henry Fish alilipa watu wazizungushe kwenye vilabu vya pombe, ikaja kugundulika baadhi ya saini ni za uongo. Septemba 19 sheria ya kuwapa kura ikatiwa saini, wanawake wa Kimaori, wenyeji asilia wa nchi hiyo, wakiwemo.

Sasa tumtazame Tāwhiao, mfalme wa Wamaori. Baada ya vita vya Waikato kati ya serikali na Wamaori, serikali iliwanyang'anya watu wa eneo hilo ardhi ya ekari milioni 1.2 kwa sheria ya 1863. Bungeni Wamaori walikuwa na viti vinne tu. Malalamiko yao yalipelekwa kwenye kamati ya mambo ya wenyeji, na mara nyingi jibu lilikuwa moja: kamati haina pendekezo. Heri ukataliwe, ujue unabishana na nini.

Mwaka 1884 Tāwhiao akapanda meli kwenda London, pamoja na Wiremu Te Wheoro, aliyekuwa mbunge. Waliomba Wamaori wawe na bunge lao, na unyang'anyi ule uchunguzwe. Malkia Victoria hakuwapokea. Waziri wa makoloni, Lord Derby, aliwasikiliza, kisha akasema hilo ni la serikali ya New Zealand. Kesi ya nyani, hakimu ngedere: watu wamevuka bahari kumkwepa hakimu huyo, wanarudishwa kwake!

Serikali ya huko Wellington ikajibu kwamba Mkataba wa Waitangi, ule wa 1840 kati ya Uingereza na machifu wa Kimaori, haujavunjwa tangu 1865. Tazameni tarehe hiyo vizuri. Vita vya Waikato viliisha 1864.

Sheria ya fidia na kuwaomba radhi watu wa Waikato ilitiwa saini 1995, Wellington, na Malkia Elizabeth wa Pili kwa mkono wake mwenyewe.