Andika Habari Zako, Kisha Fungua Daftari la Adhabu

Walimu wenzangu, shikamooni wakubwa, na wengine habari za jioni.

Kazi yangu huko Marekani ni kuwaandaa walimu wanaotaka kuwa wakuu wa shule. Wiki ya kwanza hatugusi bajeti wala ratiba. Kila mmoja anaandika: lini ulijua kwamba una rangi, na nani alikujulisha? Nami huandika pamoja nao. Baba yangu alisoma Tanganyika wakati Wazungu, Waasia na Waafrika wana shule zao mbalimbali, kabla hazijaunganishwa mwaka 1962, kwa hiyo nyumbani kwetu habari hizo zilisimuliwa.

Weusi huandika mpaka muda unakwisha. Mzungu mmoja, mwalimu mwema wa hesabu, aliandika mistari miwili: mtaani kwao hakukuwa na mambo ya rangi, wote walikuwa weupe. Sikumgombeza. Nilimuuliza tu, kwa nini mlikuwa weupe watupu?

Akarudi na nakala ya hati ya nyumba ya babu yake. Mna sharti humo: isiuzwe wala kupangishwa kwa mtu mweusi. Mahakama Kuu ya Marekani ilikataa kuyatia nguvu masharti hayo mwaka 1948, lakini mitaa ilikuwa imeshagawanyika. Na kule shule hupata sehemu kubwa ya fedha zake kutokana na kodi ya majengo. Nyumba ya babu ndiyo iliyomsomesha.

Wengine hulia wakifika hapa. Siwalaumu, ila siwaruhusu waishie hapo, maana mtoto aliyefukuzwa darasani hanufaiki na machozi yetu. Mwaka wa masomo 2013–14, weusi walikuwa kama 15 katika kila wanafunzi 100 wa shule za umma, lakini katika kila 100 waliosimamishwa masomo walikuwa kama 39.

Basi nikamwambia yule mwalimu wa hesabu alete daftari la adhabu la shule yake. Weupe wameandikiwa makosa yanayoonekana: sigara, dirisha kuvunjwa. Weusi: kiburi, kelele, "ameniangalia vibaya". Hili la mwisho lilikuwa kwa mwandiko wake mwenyewe.

Alinyamaza, kidole kikiwa juu ya jina la yule mtoto. Kisha akaomba kuandika upya ile karatasi ya kwanza. Nikamwambia ataandika, ila kwanza ampigie simu mama yake mtoto.